Sura ya Nne: Maini Kutoka Machakos

Kati ya Machi na Juni 1981, hospitali tatu za wilaya ya Machakos zilipokea wagonjwa 20 wenye macho ya manjano na ini lililokuwa likifa. Mdogo wao alikuwa na miaka miwili na nusu, mkubwa wao 45. Kumi na wawili walifariki, wengine siku moja tu baada ya kulazwa. Daktari yeyote wa zamu akiwaona wagonjwa wa namna hiyo angewaza kwanza virusi vya homa ya ini, maana dalili ni zile zile, na kando ya kitanda hapana namna ya kuzitenganisha. Jibu lilitoka kwingine. Lilitoka kwenye vipande vya ini la marehemu, vilivyotazamwa kwa hadubini na kupimwa kemikali, na kwenye mahindi yaliyokuwa yakipikwa majumbani mwao. Maini yalikutwa na sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayozalishwa na kuvu wa nafaka iliyohifadhiwa na unyevu. Mahindi ya nyumba moja yalikuwa na miligramu 12 za sumu hiyo kwa kilo. Kiwango kinachoruhusiwa Kenya leo ni mikrogramu 10 kwa kilo. Familia hiyo ilikuwa ikila chakula chenye sumu mara 1,200 ya kiwango hicho.

Taarifa ya mkasa huo ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1982, na tangu hapo jina la Machakos limo katika maandishi ya kitabibu duniani kote. Mwaka 2004 balaa lilirudi kwa ukubwa zaidi: Makueni, Kitui, Machakos na Thika kwa pamoja zilihesabu wagonjwa 317, na 125 kati yao wakafa. Safari hii wachunguzi walipima damu pia, wakaona kwamba waliougua zaidi ni wale waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba, na kwamba mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B alikuwa katika hatari kubwa zaidi. Ushauri wa kukausha mahindi vizuri na kuyaweka ghalani, ambao afisa wa kilimo huutoa hadi leo katika mikutano ya vijiji vya Ukambani, unasimama juu ya kazi ya watu waliokaa maabara wakisoma ini na damu.

Nimeanza na habari hizi kwa sababu swali la sura hii huulizwa vibaya mara nyingi. Huulizwa kwa nini wanafunzi wa udaktari hawaipendi patholojia, yaani fani ya kuusoma ugonjwa katika tishu na damu, kana kwamba ni suala la ladha, huyu anapenda upasuaji na yule anapenda watoto. Mimi naamini swali la kwanza ni jingine: wanafunzi hao wameonyeshwa nini? Mtu hawezi kuitamani kazi ambayo hajawahi kumwona anayeifanya akiifanya vizuri. Machakos, pamoja na historia yake yote katika fani hii, ni mahali ambapo daktari kijana anaweza kumaliza mwaka mzima wa mafunzo bila kukaa hata saa moja mbele ya hadubini.

Fikiria safari yake. Katika vyuo vyetu vingi mwanafunzi hukutana na patholojia mwaka wa tatu, baada ya anatomia na fiziolojia. Hukutana nayo kama somo kubwa lenye kitabu kizito: uvimbe, kufa kwa chembe, kuganda kwa damu, aina za saratani na majina yake marefu. Anatazama picha za waridi na zambarau ambazo mwanzoni zote zinafanana. Anakariri ili afaulu mtihani, na wengi hufaulu. Halafu mwaka unaofuata anaingia wadini, na hapo ndipo moyo wake unapotekwa. Anamwona mama aliyeletwa akivuja damu akaokolewa chumba cha upasuaji. Anamwona mtoto aliyekuwa hapumui akilia. Anamwona mshauri wa magonjwa ya ndani akiingia asubuhi na kundi la watu nyuma yake, kila mtu akimsikiliza. Miaka yote hiyo ya wadini mwanapatholojia haonekani. Anakuwa karatasi inayorudi kutoka maabara, na wakati mwingine karatasi inayochelewa na kulaumiwa.

Kisha huja mwaka wa unagenzi. Hospitali ya Machakos Level 5 ni miongoni mwa vituo ambako madaktari wanagenzi hupelekwa kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Huzungushwa katika magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi na magonjwa ya wanawake. Hizo ndizo nguzo za mwaka huo nchini Kenya, na patholojia si mojawapo. Huo ndio mwaka ambao daktari kijana anaanza kujiuliza kwa dhati, mimi nitakuwa nani? Anachagua kati ya vyumba alivyopitia. Maabara alikwenda kupeleka chupa ya damu, akarudi mbio.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote, na linapita mshahara, hofu ya maiti na hata maneno ya jamaa. Tatizo hili si letu peke yetu. Huko Marekani, ambako maabara zimejaa vifaa, idadi ya wahitimu wa nchi hiyo wanaochagua patholojia imeshuka hadi kuna miaka walipojaza chini ya nusu ya nafasi za mafunzo zilizotolewa, na walimu wao wamekuwa wakiinyooshea kidole mitaala iliyoisambaza patholojia ndani ya masomo mengine hadi mwanafunzi asijue kuwa aliyemfundisha ugonjwa wa figo leo asubuhi ni mwanapatholojia. Hapa kwetu vyuo kadhaa vimefuata mkondo huo wa kufundisha kwa visa vya wagonjwa, na mkondo huo una faida zake. Lakini ikiwa kisa kinajadiliwa bila mwanapatholojia chumbani, mwanafunzi anapata elimu na hapati mtu wa kumwiga.

Maiti nayo tuizungumzie, maana ndiyo inayotajwa kwanza. Kwa Wakenya wengi mwanapatholojia ni mpasuaji maiti, basi. Magazeti humwita hivyo, na mtu humwona pale tu msiba unapokuwa na utata. Binti wa Kangundo au Mwala aliyefaulu mtihani wa kitaifa, kijiji kikamchangia karo, akirudi nyumbani na kusema anataka patholojia, ataulizwa na mama yake swali la haki kabisa: umesoma miaka yote hiyo ili ukakae na wafu? Mama huyo alitarajia daktari wa kumtibu shinikizo la damu. Mwili wa marehemu katika jamii zetu una heshima na taratibu zake, na kuukata kunaonekana kama kumjeruhi tena aliyekwisha kuumia. Daktari kijana hawezi kulipuuza hilo. Ni mtoto wa watu hao hao.

Ila mtu akimweleza mama huyo kazi yenyewe ilivyo, mambo hubadilika, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni ya watu walio hai. Mwanamke wa Masii anagusa ziwa lake akakuta uvimbe. Anakwenda hospitali, daktari anatoa kipande kidogo na kukitia katika formalini ili kisioze. Maabara, kipande hicho kinaondolewa maji kwa alkoholi, kinamiminiwa nta iliyoyeyushwa, kikiganda kinakatwa utepe mwembamba wa mikroni tatu hadi tano, unaokuwa laini kiasi cha kuelea juu ya maji kabla ya kubebwa na kioo. Kinatiwa rangi. Ndipo mwanapatholojia anapoinama juu ya hadubini, na kwa dakika hizo maisha ya yule mwanamke yote yamo mikononi mwake. Ni saratani au si saratani? Ikiwa ndiyo, ni ya aina gani, imekua kiasi gani, itaitikia dawa zipi? Daktari wa upasuaji anasubiri. Mtaalamu wa saratani anasubiri. Mume anasubiri, mifuko ikiwa mitupu kwa nauli ya Nairobi. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuanza kazi kabla mtu huyu hajaandika sentensi mbili tatu na kutia sahihi. Humo humo maabara ndimo inamotoka damu salama ya kuongezewa mama aliyejifungua, na ndimo zinamosomwa chembe za mlango wa kizazi kabla saratani haijaota. Mwanafunzi anayeelewa hivi anaona kwamba mwanapatholojia ni daktari wa wagonjwa wengi kuliko aliye wadini, ila wagonjwa wenyewe hawamjui kwa sura.

Hata upande wa maiti una mvuto wake, na miaka ya karibuni umeonekana hadharani kuliko zamani. Tarehe 23 Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwendwa na dereva wao wa teksi Joseph Muiruri walitoweka walipokuwa wakitoka mahakama ya Mavoko, humu humu kaunti ya Machakos. Siku chache baadaye miili yao ilitolewa mto Athi, upande wa Ol Donyo Sabuk. Uchunguzi wa maiti ulionyesha walivyoteswa na kuuawa, na ukawa sehemu ya ushahidi katika kesi iliyochukua miaka. Mwaka 2022 mahakama kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mtoa habari wao, na hukumu ikasomwa Februari 2023. Mwaka huo huo wa 2023 Wakenya walimwona kila jioni kwenye televisheni Daktari Johansen Oduor, mwanapatholojia mkuu wa serikali, akieleza akiwa Malindi jinsi watu waliofukuliwa kwenye makaburi ya msitu wa Shakahola walivyokufa, wengi kwa njaa, na wengine wakiwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Jopo la wanapatholojia lililoongozwa na Daktari Bernard Midia lilisema majeraha ya kichwa, kubanwa kwa shingo na michubuko ya mwilini havilingani na maelezo hayo. Nchi ilisikiliza.

Vijana waliosikiliza wakiwa madarasani waliona jambo ambalo hakuna mhadhara ungeweza kulifundisha, kwamba daktari anaweza kumtetea mtu aliyekwisha kufa, na kwa kufanya hivyo akawalinda walio hai. Naamini baadhi yao watachagua njia hii kwa sababu hiyo. Lakini waliona pia ugumu wake. Mwanapatholojia wa serikali anaitwa mahakamani katika kaunti ambayo si yake, anahojiwa na mawakili kutwa nzima, anasimama kati ya dola na familia iliyofiwa. Kenya ilipitisha sheria ya huduma ya kitaifa ya wachunguzi wa vifo mwaka 2017, ambayo ingempa daktari huyu ofisi huru iliyo nje ya mamlaka ya polisi. Miaka ilipita sheria ikiwa kitabuni tu. Kijana anayepima fani hupima na mambo kama hayo: nikisema kweli, nani atasimama nami?

Machakos inayo kumbukumbu nyingine ya aina hii ambayo siwezi kuipita. Machi 2001 bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli liliteketezwa usiku, wavulana 67 wakafa. Wengi waliungua kiasi cha kutotambulika, wakazikwa pamoja katika uwanja wa shule. Wazazi waliokuwa na haki ya kumzika kila mmoja mwanawe waliwapa heshima zao za mwisho katika kaburi la wote. Taaluma ya kuwatambua wafu kwa meno, kwa mifupa na kwa vinasaba hufanya kazi bega kwa bega na patholojia, na nchi yenye mabweni yanayoungua mara kwa mara inawahitaji wataalamu wake.

Kuhusu pesa nitasema machache. Shahada ya uzamili ya patholojia huchukua miaka minne. Daktari aliyeajiriwa na kaunti anahitaji ruhusa ya masomo na mtu wa kumlipia, na tangu afya igatuliwe mwaka 2013 uamuzi huo uko makao makuu ya kaunti. Kaunti hufikiria kwanza daktari wa uzazi na wa upasuaji, maana mwanasiasa anaweza kumwonyesha mpiga kura chumba cha upasuaji kilichojaa. Ni vigumu kumwonyesha kioo cha hadubini. Wapo wanaojua kwamba mwanapatholojia anaweza kuishi vizuri katika maabara binafsi za Nairobi, na hilo linawavuta wachache. Wale wengine wanaogopa kurudi kaunti wakiwa na shahada mkononi, wakute mashine ya kukatia tishu imeharibika na dawa za rangi zimekwisha. Hofu hiyo ina msingi. Mtaalamu asiye na vifaa huonekana mzembe mbele ya wenzake.

Uhaba wenyewe unafahamika. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zina mwanapatholojia chini ya mmoja kwa kila watu 500,000. Kwa mizani hiyo kaunti ya Machakos, iliyokuwa na watu 1,421,932 kwa sensa ya 2019, isingefikia hata watatu. Tume ya jarida la The Lancet kuhusu vipimo ilisema mwaka 2021 kwamba asilimia 47 ya watu duniani hawafikii vipimo vya kutosha au hawavipati kabisa. Profesa Shahin Sayed wa Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ni mmoja wa walioandika katika jarida hilo mwaka 2018 kuonyesha njia ya kutoka katika hali hiyo kwa nchi maskini, na nguzo mojawapo ya njia hiyo ni watu: kuwafundisha, kuwatunza na kuwagawa vizuri.

Watu huvutwa na watu. Jirani zetu wa Uganda walishalionyesha hilo. Miaka ya 1950 Makerere ilikuwa na mwanapatholojia aliyeitwa Jack Davies, aliyeanzisha pale Kampala rejista ya saratani, mojawapo ya za mwanzo barani. Alikuwapo pia mwenzake Gregory O'Conor. Mpasuaji Denis Burkitt wa Mulago alipoona watoto wenye uvimbe wa mataya na kuandika juu yao mwaka 1958, ni wanapatholojia waliothibitisha kwamba vivimbe vya mataya, vya figo na vya tumbo, vilivyokuwa vikipewa majina tofauti, ni ugonjwa mmoja. Sampuli zilizorushwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London zilimwezesha Anthony Epstein na wenzake kugundua mwaka 1964 virusi vya kwanza vilivyohusishwa na saratani ya binadamu. Baadaye Michael Hutt, profesa wa patholojia hapo Makerere, alizitembelea hospitali za mbali na kuzifungulia njia ya kumtumia vipande vya tishu kwa posta, naye akizirudishia majibu. Daktari wa hospitali ya misheni aliyekuwa peke yake porini alipata mwenzake wa kushauriana naye. Katika shule ya udaktari ya namna hiyo, mwanafunzi haulizi mwanapatholojia ni wa kazi gani. Anamwona.

Nasi hapa tunao wa kuonekana. Profesa Emily Rogena wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na Profesa Lucy Muchiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni wanawake waliofika juu kabisa katika fani hii, na kwa daktari wa kike anayejiuliza kama ataweza kulea watoto na kuwa bingwa, kazi yenye saa zinazotabirika kuliko za chumba cha kujifungulia ni jambo la kulipima bila aibu. Wako vijana wengine wanaovutwa na tabia ya kazi yenyewe: utulivu, nafasi ya kufikiri hadi mwisho, furaha ya kulijua jina la ugonjwa ambao wengine wote wanaukisia. Hawa wapo katika kila darasa. Mara nyingi ndio wale wasioongea sana kwenye mzunguko wa wadi, na mwalimu asiye makini huwadhania hawajui.

Kwa hiyo nayasema haya kwa wenye uwezo wa kuyatenda. Baraza la madaktari liweke hata wiki mbili za maabara katika mwaka wa unagenzi. Hazitamnyima mtu ujuzi wa kushona jeraha, na zitampa kujua sampuli yake inakwenda wapi na kwa nini ile aliyoitia ndani ya maji ya kawaida haikusomeka. Kaunti ya Machakos itenge nafasi ya masomo ya patholojia kila mwaka, na anayerudi akute mashine inayofanya kazi. Hospitali ifanye kikao cha kila juma ambapo kifo kisichoeleweka kinajadiliwa mbele ya wanagenzi, na wanafunzi wa chuo cha mafunzo ya utabibu kilichopo mjini waalikwe, mwanapatholojia akiwa mbele na si pembeni.

Na wewe daktari mwanagenzi unayesoma haya kati ya zamu mbili: kesho ukitoa kipande cha tishu, usimpe mhudumu akupelekee. Kibebe mwenyewe hadi maabara, uombe kukitazama kitakapokuwa tayari, na umuulize aliyeinama juu ya hadubini ameona nini.